Uwazi wa Chama na Siri ya Mwanachama

Somo hili limekusudiwa wajumbe wa bodi, makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi, pamoja na kila mwanachama ambaye jina lake limo katika kitabu cha chama. Linahusu jambo ambalo waasisi wa ushirika hawakupata kuliona. Karatasi iliyokuwa ikibandikwa mlangoni mwa ghala, ikasomwa na wale tu waliofika pale kwa miguu yao, sasa hupigwa picha kwa simu. Na kabla jua halijazama imekwisha kusomwa Singida mjini, Dodoma na Dar es Salaam, na watu ambao hawajapata kuuza hata debe moja la alizeti katika chama hicho.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha ushirika wa mazao na masoko katika tarafa ya Mungaa, wilayani Ikungi. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo na haukisemi chama chochote kilichopo. Lakini aliyezoea kuzunguka vijijini na kukagua vitabu atakiri kwamba haukutoka mbali.

Chama hicho kiliwakopesha wanachama wake mbegu za alizeti na mbolea kabla ya mvua za Desemba. Mavuno yalipokwisha, malipo ya pili yakachelewa, na katika kundi la WhatsApp la chama maswali yakawa mengi. Katibu akajibu kwamba fedha hazitoshi kwa kuwa baadhi ya wanachama hawajarejesha mikopo ya pembejeo. Mjumbe mmoja akaandika, "Tunataka uwazi. Majina yatajwe." Wengine wakamuunga mkono. Katibu, aliyekuwa amechoka kulaumiwa kwa makosa ya wengine, akafungua leja, akaupiga picha ukurasa wa wadaiwa, akautuma. Ukurasa ulikuwa na majina 23, kiasi cha deni la kila mmoja, namba za simu, na namba za akaunti za benki.

Katika kundi lile walikuwamo wanachama, lakini walikuwamo pia watoto wa wanachama, wafanyabiashara wawili wa alizeti, na watu waliokwisha kuhama kijiji. Miongoni mwa majina 23 lilikuwamo la mama mmoja mjane ambaye alilipa deni lake lote mwezi Julai. Stakabadhi alipewa, ila malipo hayakuwa yameingizwa katika leja. Siku ya pili mwanawe alipiga simu kutoka Dar es Salaam kuuliza ni aibu gani hii. Mwenye duka aliyekuwa akimkopesha sabuni na sukari akamwambia amalize kwanza ya chama. Siku ya tatu mama akafika ofisini.

"Mwanangu, deni nililipa mkononi mwako. Stakabadhi hii hapa."

"Shikamoo mama. Ni kweli, ni kosa la kitabu. Nimekwisha kuifuta ile picha."

"Marahaba. Umeifuta katika simu yako."

Katibu hakuwa na jibu. Bodi ilipokutana, mwenyekiti alitetea kwamba ofisi ilifanya hivyo kwa uwazi, na kwamba uwazi ni msingi wa ushirika. Neno hilo la mwenyekiti ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Uwazi ulitoka wapi

Ushirika hauwezi kuishi bila uwazi. Mwaka 1966 Serikali ya Tanzania iliunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika na bodi za mazao, baada ya malalamiko mengi ya wakulima. Katika mambo makubwa ambayo kamati iliyaona, mojawapo lilikuwa kwamba wanachama hawakujua mambo ya vyama vyao: hawakujua makato yalikwenda wapi, wala hawakuwa na nguvu ya kuuliza. Pale mwanachama asipojua, mwizi hahitaji kujificha. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, ili vitabu visomwe na jicho lisilo la mwenye kuviandika. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka hesabu zikaguliwe na zifikishwe mbele ya mkutano mkuu, na inakitaka chama kiweke ofisini nakala ya sheria, kanuni, masharti yake na orodha ya wanachama ili visomwe bila malipo.

Serikali nayo imepita njia hiyo, tena kwa kupanda na kushuka. Mwaka 2011 Tanzania iliingia katika Mpango wa Kimataifa wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi; mwaka 2017 ikajitoa. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2016, ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na kujibiwa katika muda usiozidi siku 30. Mkulima anayetaka kujua halmashauri ilitumiaje fedha zilizotengwa kwa ghala la kijiji ana sheria ya kushika mkononi. Lakini sheria hiyohiyo imezitenga taarifa ambazo mwenye kuzitunza aweza kuzizuia, na miongoni mwake ni zile ambazo kutolewa kwake kungeingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki, au kungeharibu maslahi halali ya biashara. Anayeitoa taarifa iliyozuiliwa aweza kufungwa kuanzia miaka mitatu hadi mitano. Basi hata pale Serikali ilipotunga sheria ya kufungua, iliacha mlango mmoja umefungwa, na kosa la katibu wa Mungaa ni kwamba aliuvunja mlango huo akidhani anafungua dirisha.

Katiba yenyewe imeyaweka mambo haya mawili karibu. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na ibara ya 18 inampa haki ya kutoa maoni na kupewa taarifa.

Mambo ya chama na mambo ya mtu

Tofauti ya kushika ni hii. Yapo mambo ya chama, na yapo mambo ya mtu yaliyohifadhiwa na chama. Bei iliyopatikana sokoni, uzito uliopokelewa, unyaufu ghalani, makato na sababu zake, gharama ya kusafirisha, posho za bodi, mkataba wa mnunuzi, deni la chama benki: haya ni mambo ya chama, na mwanachama anayeyauliza hafanyi hisani bali anatimiza wajibu. Jumla ya mikopo isiyorejeshwa nayo ni jambo la chama. Bodi ilipaswa kuwaambia wanachama, bila hata kuulizwa, kwamba wadaiwa ni 23 na kwamba jumla ya deni ni kiasi fulani, na hatua zilizochukuliwa ni hizi na hizi. Taarifa hiyo ingetosha kueleza kwa nini malipo ya pili yamechelewa. Jina la mama mjane na namba yake ya akaunti havikuongeza chochote katika maelezo hayo, isipokuwa maumivu.

Hapa ndipo inapoingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii haizungumzi na makampuni makubwa ya mjini peke yake. Chama cha msingi kinachoandika jina, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na akaunti ya mwanachama kinakusanya taarifa binafsi, na kinapaswa kuzitumia kwa lengo lile lililotajwa wakati wa kuzichukua, kuzitunza zikiwa sahihi, na kuzilinda zisifikie wasiohusika. Kukusanya na kuchakata taarifa kunahitaji usajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tena sheria imeweka miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Mwanachama alitoa namba yake ya akaunti ili alipwe fedha za alizeti; hakuitoa ili itangazwe.

Adhabu si ndogo. Mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria aweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Taasisi yaweza kutozwa kuanzia shilingi milioni moja hadi bilioni tano. Aliyedhurika aweza pia kudai fidia. Ni chama gani cha msingi katika Ikungi nzima kitakachosimama tena baada ya pigo hilo? Na fedha hizo, pale zitakapolipwa, zitatoka katika magunia ya wanachama walewale.

Asiyeamini kwamba mambo haya hufikishwa mbele ya sheria na atazame kwa majirani. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitoza faini tatu kwa pamoja. Kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine, na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ukumbi wa starehe wa Casa Vera ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja katika mtandao bila ridhaa yake. Shule moja, Roma School, ilitozwa 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hakuna hata mmoja aliyeiba fedha. Walitangaza tu, au walitumia kilichowafikia. Na hapa Tanzania, mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wananchi wengi walikwisha kulalamika juu ya wakopeshaji wa namna hii wanaomtumia ujumbe shemeji, mwajiri na jirani wa mdaiwa. Chama cha ushirika kinachotuma leja kundini kinafanya kazi ileile, ila kwa mwandiko wa mkono.

Wapo viongozi watakaoifurahia sheria hii kwa sababu mbaya. Mwanachama atauliza posho za bodi, naye ataambiwa kwamba hizo ni taarifa binafsi. Atauliza uzito uliopotea ghalani, aambiwe ni siri ya biashara. Mkaguzi atakayesikia majibu hayo na aanze ukaguzi wake hapo hapo. Siri ya mwanachama haikuwekwa ili iwe pazia la bodi. Posho zilizopitishwa na mkutano mkuu zinasomwa mbele ya mkutano mkuu, jina kwa jina. Siri ya biashara nayo ina muda wake: si busara kumtangazia mnunuzi, kabla ya mnada, kiwango cha chini ambacho chama kiko tayari kupokea, lakini mnada ukiisha hakuna tena cha kuficha.

Mwanachama anaposhutumu

Hatari haiko upande wa ofisi tu. Mwanachama aliyekasirika, mwenye simu mkononi usiku, aweza kuandika kwamba katibu ni mwizi na chama kimefilisika, na asubuhi wanachama wakapeleka alizeti kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuuhadaa umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kwa maneno aliyoyaandika Facebook juu ya Rais: kifungo cha miaka mitatu au faini ya shilingi milioni saba.

Maneno ya kifungu hicho yasomwe yote. Yanataka kujua kwamba taarifa ni ya uongo, na yanataka nia mbaya. Mwanachama anayeuliza, "Magunia yaliyopokelewa yalikuwa 640, mbona taarifa inasema 612?" hajatenda kosa lolote, hata akikosea hesabu. Bodi inayomtishia mtu huyo kwa polisi inautumia mkono wa sheria kuziba mdomo ambao sheria ya ushirika imeufungua. Madhara ya vitisho hivyo ni kwamba wengine wote hunyamaza, na chama kinachonyamaziwa hufa bila kelele.

Jambo kama hilo limepata kutokea katika ngazi ya taifa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa hatari kwa mtu kutangaza takwimu zinazopingana na za Serikali. Wachunguzi na wafadhili walilalamika, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na katazo hilo likaondolewa. Bodi zinazopitisha azimio kwamba hakuna mwanachama anayeruhusiwa kutaja tarakimu za chama nje ya zile za ofisi zinafuata njia ambayo Serikali yenyewe iliiacha baada ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, mwanachama naye achague mahali. Swali la magunia 640 likiulizwa mkutanoni linaandikwa katika muhtasari, na bodi inalazimika kulijibu. Likitupwa katika kundi la WhatsApp saa nne za usiku, hupata vicheko, kisha matusi, kisha linafunikwa na salamu za asubuhi na matangazo ya harusi. Aliye na shutuma nzito aiandike barua kwa bodi, na nakala aipeleke kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Barua ina tarehe na sahihi, na mkaguzi huanzia hapo.

Simu ni ya nani

Liko jambo dogo ambalo wakaguzi hulikuta mara kwa mara. Kundi la chama lilifunguliwa na katibu kwa simu yake na namba yake. Orodha za malipo zimo katika simu hiyo, picha za vitambulisho zimo, na watoto wake huichezea jioni. Katibu akiondoka kazini hukabidhi leja, mizani, muhuri na funguo za ghala. Simu haimo katika hati ya makabidhiano kwa kuwa ni mali yake. Kwa hiyo taarifa za wanachama 300 zimeondoka naye, bila mtu kuiba chochote. Chama kinachoweza kununua mizani hakishindwi kununua simu moja ya ofisi na laini iliyosajiliwa kwa jina la chama. Simu hiyo ina gharama ndogo kuliko kikao kimoja cha bodi, na kwa hakika ina manufaa zaidi ya baadhi ya vikao.

Wala kundi la WhatsApp si mkutano. Azimio "lililopitishwa" kwa vidole gumba 40 halina akidi wala muhtasari, na aliyekopa benki kwa azimio la namna hiyo amekopa kwa niaba yake mwenyewe. Kundi pia si ubao wa matangazo wa kutosha, maana wazee wengi wa vijijini hutumia simu za vitufe, na hao aghalabu ndio wenye mashamba. Ubao wa mlangoni ubaki, na kinachobandikwa kibandikwe siku ileile kinapotumwa.

Kuhusu wizi, inatosha kukumbusha mambo mawili. Siku ambayo mtunza hesabu atakwenda benki Singida kuchukua fedha isitajwe katika kundi hata kwa nia ya kuwatuliza wanachama. Na wanachama waambiwe mapema, kwa maandishi, kwamba ofisi haitaomba kamwe mchango au rejesho la mkopo kwa namba mpya ya simu. Maneno yale ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" yamekwisha kuwafilisi watu waliosoma kuliko sisi sote, na picha ya katibu ni rahisi kuibiwa kuliko kuku wake.

Chama cha mfano kilimalizaje? Bodi iliingiza malipo ya mama yule katika leja, ikamwandikia barua ya kumwomba radhi, na nakala ikabandikwa ubaoni na kutumwa katika kundi lilelile lililotumiwa picha, kwa ridhaa yake mwenyewe. Mwenye duka aliisoma. Wadaiwa 22 waliobaki waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akaonyeshwa ukurasa wake tu. Wengine walilipa, wengine wakaandikiana na chama makubaliano ya kukatwa katika mazao ya msimu uliofuata, na wawili walioukana mkopo mambo yao yalipelekwa kwa Afisa Ushirika. Katika kuwaita hao ndipo ilipogundulika kwamba majina mengine matatu nayo yalikuwa na stakabadhi zisizoingizwa, na bodi ikalazimika kumwomba mkaguzi aje kabla ya wakati wake.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

Je, masharti ya chama chenu yanasema nini juu ya nani aruhusiwe kuona hesabu ya mwanachama mmoja mmoja? Yasomwe kwa sauti kikundini.

Mnunuzi anataka apewe namba za simu za wakulima wote "ili aboreshe huduma." Nani ana uwezo wa kukubali: katibu, bodi, mkutano mkuu, au kila mwanachama kwa nafsi yake?

Mwanachama ametuma kundini sauti inayosema mizani ya chama inapunja. Bodi ifanye nini kwanza: ijibu kundini, imwite, au iipime mizani mbele ya watu?

Katika kundi la chama chenu, wangapi si wanachama, na nani aliwaingiza?